Simu ya Alhamisi

Kewanee, Illinois
12 Januari 1986

Mdogo wangu Wendell,

Hujambo huko kwenye jua? Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na shemeji yako Clyde kila asubuhi anabembelezana na lori nusu saa nzima kabla halijakubali kuwaka. Mpwa wako Tess ameng'oka meno mawili ya mbele. Bi. DeBacker, jirani wa Baba, bado anauliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa raketi, akasema basi watoto watakuwa wembamba.

Baba yupo, anakusalimu sana. Kila Jumatatu analisubiri gazeti dirishani. Likifika anafungua ukurasa wa nyuma, kwenye yale matokeo ya tenisi yaliyoandikwa kwa herufi za kupofusha macho, anachukua kioo cha kukuzia na ile penseli nyekundu, anawawekea alama wanaume wa Marekani tu. Nikimwambia kuna wanawake wa Marekani wanaoshinda kila wiki, ananijibu, "Hao hawahitaji maombi yangu." Tangu Septemba, yule Mcheki alipolichukua kombe la New York, amenuna. Anasema wakubwa wetu wanazeeka na nyuma yao haoni mtu. Juzi nikamtania, "Nyuma yao yupo Wendell." Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Namtaka hata awe wa mwisho kwenye orodha ya dunia. Wa mwisho naye ni wetu."

Anakohoa kidogo. Sigara hizo, unamjua.

Ulisema huu ndio msimu wa mwisho kujaribu. Miaka ishirini na saba si mingi kwa mtu, lakini kwa kazi yako nasikia ni mingi. Sikusukumi. Ile karatasi yako ya namba za simu za watu watakaokupokea kila mji nimeibandika kwenye friji ya Baba.

Andika, na usiandike matokeo tu.

Dada yako,
Lorna


Sebring, Florida
4 Februari 1986

Dada Lorna,

Salamu zako nimezipata, na kicheko cha Bi. DeBacker nimekisikia mpaka huku. Mimi mzima, ngozi ya pua tu ndiyo imebabuka. Wiki hii nimefikia kwa mjane mmoja, Bi. Odom, ana paka wanne na kila paka ana kiti chake. Mimi nalala kwenye kiti cha wa tano, aliyekufa Krismasi. Watu wa miji hii wana moyo. Wanatugawana wachezaji nyumba kwa nyumba, wanatulisha, wanatufulia, halafu wanakuja kutuona tukishindwa.

Umesema nisiandike matokeo tu, lakini Baba atayataka. Wiki ya kwanza nilifika robo fainali. Ya pili nilitolewa mapema kidogo. Ninashika nafasi ya kumi na mbili. Mwambie vizuri jinsi mambo yalivyo, maana mara ya mwisho hakunielewa: tunacheza wiki nne, na ishirini na nne wa juu tunakwenda wiki ya tano. Pointi za kompyuta, zile zinazomwingiza mtu kwenye orodha ya dunia, zinagawiwa mwisho wa hiyo ya tano. Asiyefika hapo anaondoka mikono mitupu, hata kama alikuwa akiongoza. Kuna jamaa wa California alikuwa anatuongoza sote. Wiki iliyopita mkewe akajifungua, naye akapanda ndege kwenda kumwona mtoto. Amefutwa. Tulikaa mezani tukamcheka, tukamwita mjinga. Nami nilicheka.

Jumanne ya wiki iliyopita tulikuwa uwanjani Lakeland chombo kile cha wanaanga kilipopasuka angani na wale saba ndani yake. Moshi wake tuliuona. Mpinzani wangu alikaa chini palepale mstarini. Baada ya muda msimamizi akasema tuendelee, tukaendelea, nikashinda. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Mbusu Tess kwenye lile pengo.

Wendell


Kewanee
9 Februari 1986

Wendell mpenzi,

Tunaendelea. Tess ana jino jipya linachungulia. Clyde amelishinda lori, ameliuza. Barua yako ilifika jana nikaenda kumsomea Baba, akaitaka tena tangu mwanzo. Paka wa tano amemfurahisha.

Najua una habari zake, maana ameniambia ulimpigia Alhamisi pale hospitali mkaongea dakika kumi nzima. Wendell, hujui ulivyomfanyia jambo jema. Nilimkuta kajiegemeza kwenye mito, uso umechangamka. Akaniambia, "Wendell amepiga. Upepo wa huko unamsumbua, ila sevu ya pili, ule mpigo wa kuanzia, imetulia." Amesema alikueleza mwenyewe kwamba ni mafua yaliyoshuka kifuani na wamemlaza ili wampime tu. Basi mimi sina la kuongeza. Ndivyo ilivyo. Bi. DeBacker nimemfokea kwa kukupigia huko na kukutisha bure. Unamjua, mtu akipiga chafya yeye anaita mchungaji.

Atatoka wiki ijayo. Maliza kazi yako.

Lorna


Vero Beach, Florida
13 Februari 1986

Dada Lorna,

Asante kwa barua. Mpe Clyde pole kwa msiba wa lori.

Ndiyo, tuliongea na Baba. Sauti yake ilikuwa na nguvu. Ni kweli nilimwambia habari za upepo. Nimefurahi umenithibitishia kuwa ni mafua tu, maana Bi. DeBacker alinichanganya.

Leo nimeshinda tena, sasa ni wa tisa. Wiki ya tano hawawezi kuninyima. Inachezwa Fort Pierce na inaisha Jumapili ya tarehe 23. Sidhani kama nitapiga simu kabla ya hapo. Simu za huku zinasumbua na nyumba niliyofikia watu ni wengi.

Mwambie wa tisa.

Wendell


Kewanee
18 Februari 1986

Wendell,

Sisi wazima. Baba bado wanamwangalia. Anakunywa supu.

Nimemwambia wa tisa. Jana aliuliza kama gazeti limekuandika. Wanaandika mashindano makubwa tu, wewe unajua na yeye anajua. Nikamwambia limekuandika. Akanipa penseli nikuwekee alama, maana mkono wake umechoka, nami nikakaa pembeni ya kitanda nikaweka alama nyekundu kwenye jina la mtu mwingine kabisa, mtu wa Georgia. Akalitazama, akasema, "Vizuri."

Cheza vizuri.

Lorna


Midland, Texas
21 Machi 1986

Dada,

Samahani kwa kimya. Natumai mnaendelea kupata nafuu, wewe na Clyde na Tess. Naomba umshukuru kila aliyeleta chakula. Siku tatu zile nilizokaa nyumbani nilikula viazi vya watu ambao hata majina yao nimeyasahau, na hakuna aliyeniuliza kitu kigumu.

Uliponipigia Fort Pierce Jumamosi ile kuniambia ameondoka, ulilia ukisema "nisamehe" mara nyingi, nami sikukuuliza unaomba msamaha wa nini. Nilitaka tuongee baada ya mazishi. Jikoni kulikuwa na watu, na wewe ulikuwa unaosha sahani zilizokwisha oshwa. Kisha Jumatano nikaondoka.

Lazima nikupe habari. Nilimaliza wa nane. Ile mechi yangu ya mwisho ilikuwa asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo, kabla hujapiga, kwa hiyo wameihesabu yote. Orodha mpya ya kompyuta imebandikwa ofisini kwa mashindano ya huku. Mia sita na nne. "Haglund, W., Marekani." Wenzangu walinipiga mgongoni. Nikaenda chooni nikafungua maji ya bomba wasinisikie.

Huku ni upepo na vumbi. Nimetolewa raundi ya kwanza mara mbili mfululizo.

Wendell


Kewanee
13 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Theluji imeyeyuka. Nimekaa na barua yako wiki tatu mezani, nikiihamisha kila tunapokula. Tess anakuulizia. Clyde anasema upate usingizi, nikamwambia na mimi pia niupate.

Hongera kwa mia sita na nne. Ninasema kwa moyo wangu wote. Lakini siwezi kufurahia namba hiyo mpaka nikuambie nilichokufanyia.

Hayakuwa mafua. Alilazwa Jumatatu ya tarehe 3 Februari na nimonia kwenye mapafu mawili ambayo sigara zilikwisha yamaliza zamani. Ijumaa, kesho yake baada ya simu yako, daktari alinisimamisha koridoni akaniambia, "Kama kuna mtu wa kuitwa, mwite." Nilikuwa na namba yako. Niliingia kwenye chumba cha simu pale chini, nikatoka. Jioni nikamwambia Baba nakuita. Akanishika mkono, na alikuwa bado na nguvu. "Nimeshaongea naye," akasema. "Anajua niko hospitali. Anajua si kitu. Akitoka sasa hivi amepoteza vyote, na hatarudi tena uwanjani. Usimharibie, Lorna." Akaniapisha.

Nikatii. Ningeweza kusema nilimtii mgonjwa, na watu wangenielewa. Ukweli ni kwamba nami niliitaka ile orodha. Nimekuona tangu ukiwa na miaka minane, Baba akikuondolea theluji uwanjani ili upige mpira Machi. Mimi nilikuwa dirishani nikiangalia. Nilitaka yote yale yawe na mwisho wenye jina lako. Kwa hiyo nikakuandikia uongo, kisha mwingine, nawe ukaamini, ukabaki unacheza huku baba yako anakata roho. Nilikuibia siku kumi na tisa za baba yako. Ungejua, ungekuja. Kila nikilala naona hilo.

Huna haja ya kunijibu upesi. Nitupie maneno yoyote, nimestahili.

Lorna


Abilene, Texas
4 Mei 1986

Dada Lorna,

Nakusalimu, na naomba uketi kabla hujaendelea. Kama Tess yupo hapo, mwambie akacheze nje.

Hukuniibia kitu. Nilijua.

Jumatano ya tarehe 5 Februari, nilipotoka mazoezini, Bi. Odom alikuwa amesimama mlangoni na karatasi. Bi. DeBacker alikuwa ameitoa namba kwenye friji akapiga. Bi. Odom alikuwa ameandika kila neno, mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu: Baba yako yuko hospitali, hali mbaya sana, dada yako hataki kukusumbua, njoo. Chini ameandika namba ya hospitali. Akaniambia, "Gari langu lipo, mwanangu. Nitakufikisha uwanja wa ndege hata sasa." Nikamwambia ngoja kwanza nipige.

Sikupiga siku ile. Nilipiga Alhamisi, baada ya kushinda mechi yangu. Naomba ulisome hilo tena, kwa sababu mimi nalisoma kila siku: baada ya kushinda. Nesi akapokea. Nikataja jina, akafurahi, akasema, "Subiri usikate, nampelekea simu kitandani." Nikasikia hatua zake. Nikasikia mlango. Nikasikia akisema, "Bwana Haglund, ni mwanao." Nikajua kwamba nikiisikia sauti yake nitakwenda. Nikakata.

Hatukuongea, Lorna. Hata neno moja.

Wiki moja baadaye ikaja barua yako ya kwamba tumeongea dakika kumi, kwamba nimemweleza habari za upepo na sevu ya pili. Niliisoma nimesimama. Nikaelewa kwamba amenisitiri. Mtu yuko kwenye oksijeni, ananitungia mazungumzo ili wewe usijue mwanawe amefanya nini. Nikachukua kalamu nikakuandikia, ndiyo, tuliongea, sauti yake ilikuwa na nguvu. Nilimwachia aseme uongo kwa niaba yangu, kisha nikatia sahihi. Na wewe uliposema ni mafua, sikukuamini hata kidogo. Nilikushukuru tu.

Yule jamaa wa California tuliyemwita mjinga nilikutana naye hapa. Akanionyesha picha ya binti yake.

Usijilaumu tena kwa ajili yangu. Kama ungeniita, sijui kama ningekuja. Hilo ndilo nisilolijua, na siwezi kulijua tena.

Wendell


Kewanee
25 Mei 1986

Wendell,

Tess mzima, Clyde mzima.

Sikukujibu mapema kwa sababu wiki ya kwanza nilikuchukia. Nakwambia bila kupamba, tumeshapambiana vya kutosha. Nilizunguka nyumba nzima nikiongea nawe peke yangu, na maneno mengine siwezi kuyaandika. Nilibeba kosa la kukudanganya miezi miwili, nilikonda, watu kanisani wakawa wananiuliza naumwa nini, na wewe ulikuwa unajua siku zote hizo.

Wiki ya pili nikaenda hospitali. Nilimtafuta yule nesi, jina lake Bi. Yoder, mtu mzima wa makamo, anakumbuka kila kitu. Nilimuuliza kuhusu Alhamisi ile. Mwanzoni hakutaka. Nikamwambia mimi ni binti yake na kaka yake mtoto wangu wa kiume ni huyo aliyepiga, nikajikanganya, nikalia, ndipo akanikalisha.

Anasema alimpa Baba mkono wa simu sikioni, na yeye mwenyewe akasikia ule mlio wa simu iliyokatwa. Akanyoosha mkono aichukue. Baba akaishikilia. Akamfanyia ishara atoke. Hakutoka, alikwenda kukunja shuka pembeni, kwa hiyo alimsikia. Anasema Baba aliongea dakika kumi. Aliuliza upepo unatoka upande gani. Akanyamaza, kama mtu anayesikiliza. Akasema, "Basi rusha mpira chini kidogo, usiupe upepo nafasi." Akanyamaza tena. Akacheka, kisha akakohoa sana, kisha akasema ngoja, bado nipo. Akakuuliza unakula nini. Akakwambia habari za theluji. Mwishoni akasema, "Haya mwanangu, kacheze," akamrudishia nesi simu, akamwambia, "Anashinda."

Nilimuuliza Bi. Yoder kama labda alikuwa amechanganyikiwa kwa homa. Akasema hapana, mama, alikuwa timamu kuliko mimi.

Nimeandika mistari hiyo kwa sababu ni haki yako kuyajua aliyokwambia. Dakika kumi hizo zilikuwa zako, naye alizitumia peke yake. Sitaki kukusamehe kwa barua, na sijui kama mimi nimejisamehe. Nilimwekea alama mtu wa Georgia akaniambia vizuri. Leo nadhani alijua hilo nalo.

Tunauza nyumba yake mwezi ujao. Jumapili ijayo nitakuwa huko mchana kutwa nikitoa vitu kabatini, peke yangu. Simu bado haijaondolewa, namba ni ileile.

Piga. Nikipokea, usikate.

Lorna